Kibuyu cha Mursik na Mgonjwa wa Figo



Wasomaji wetu watukufu, juma hili safu yetu inapanda bara hadi Eldoret. Si haba jamaa za pwani walio huko: wamo walioolewa, wamo wanaosoma na kusomesha Chuo Kikuu cha Moi, na wamo wenye maduka waliyoyarithi kwa wazee wao. Na kwa kuwa katika mji huo ipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo asili yake ni hospitali ndogo iliyofunguliwa mwaka 1917, wamo pia wanaouguza, ambao siku zao zimegawanyika baina ya jikoni na chumba cha mashine za kusafisha damu. Kwa mama na dada wa nyumba hizo ndiko linakotoka suali ambalo limetufikia kwa sura nyingi na maana yake ni moja: je, mgonjwa wa figo anyweshwe mursik?

Kwa asiyeijua, mursik ni maziwa ya ng'ombe yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kwa desturi ya Wakalenjin. Kibuyu huoshwa na kukaushwa, kisha husuguliwa ndani kwa ufito uliowashwa moto upande mmoja, hata kuta zake zikapakwa mkaa laini wenye harufu ya moshi. Miti itumiwayo ni kadhaa, na mashuhuri kati yake ni senetwet, ambao wataalamu wa mimea huuita Senna didymobotrya. Maziwa hutiwa, kibuyu hufunikwa, yakaachwa siku kadhaa na pengine majuma. Yanapomiminwa huwa na rangi ya kijivu na ukali unaoamsha ulimi. Heshima yake ni kubwa: wakimbiaji wanaporejea na medali hulakiwa kwa kibuyu hicho katika uwanja wa ndege wa Eldoret kabla hata hotuba hazijaanza. Mtu anayekukaribisha mursik hakupi kinywaji tu, amekufungulia nyumba. Hili tulishike, kwa sababu ugumu wa suali letu nusu yake uko hapo.

Wanaomshauri mgonjwa anywe huleta hoja mbili. Ya kwanza, mkaa hunyonya sumu, kwa hiyo utaisaidia figo iliyochoka. Ya pili, maziwa makali yana vijidudu vyema vinavyosafisha tumbo, na tumbo likisafika damu nayo husafika. Sisi hatuzicheki hoja hizi. Kila moja ina chembe ya ukweli ambayo watafiti wa nchi za mbali wameihangaikia kwa miaka mingi, na ndiyo maana inafaa tuzipime kwa utulivu badala ya kuzitupa.

Tuanze na tumbo lenyewe. Figo mbili zilizo nzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu kwa siku, na karibu yote huyarudisha mwilini, zikabakisha lita moja au mbili za mkojo zenye taka. Figo zinaposhindwa, taka iitwayo urea hujaa katika damu na kupenya hadi ndani ya utumbo. Huko hukutana na bakteria wenye uwezo wa kuivunja ikawa amonia, na amonia huuchubua ukuta wa utumbo, ukawa kama chujio lililotoboka. Mazingira yakibadilika hivyo, wakazi wa utumbo nao hubadilika: wale wanaoishi kwa nyuzinyuzi za mboga na nafaka hupungua, na wale wanaooza protini huongezeka.

Na hao wanaooza protini wana madhara yao. Nyama, mayai na maziwa tunayokula yana viungo vidogo vya protini, na kile ambacho hakikufyonzwa mapema hufika utumbo mpana. Bakteria hukigeuza kuwa vitu viitwavyo indoli na kresoli. Navyo hupitia ini, vikabadilishwa tena, vikaingia katika damu vikiwa sumu ambazo figo nzima ingezitoa bila taabu. Figo iliyochoka haziwezi. Mashine nayo hupata shida, kwa kuwa sumu hizi hujishikiza kwenye protini ya damu kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, na chujio la mashine hukamata kidogo tu. Kwa hiyo anayesema kuwa tumbo na figo zina mazungumzo yao, amesema kweli. Sehemu ya sumu inayomsumbua mgonjwa wa figo imetengenezwa tumboni mwake mwenyewe.

Sasa mkaa. Huko Japani, tangu mwaka 1991, madaktari wana dawa ya kumeza iliyotengenezwa kwa punje ndogo za kaboni, kazi yake kuinasa indoli ndani ya utumbo kabla haijaingia katika damu. Mtu wa Eldoret akiisikia habari hii atatabasamu na kusema, wazee wetu walitangulia. Lakini dawa hiyo ilipojaribiwa kwa wagonjwa 2,035 katika nchi za Marekani ya kaskazini, Marekani ya kusini na Ulaya, gramu 9 kila siku, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakuonyesha kuwa iliwachelewesha wagonjwa kufikia hatua ya mashine kuliko wale waliopewa punje zisizo na dawa. Ikiwa kaboni iliyoandaliwa kiwandani, kwa kipimo, haikutimiza tarajio, basi vumbi la mkaa lililotapakaa kwenye ukuta wa kibuyu, ambalo hakuna aliyelipima, haliwezi kupewa kazi ya figo. Mkaa wa kibuyu kazi yake ni harufu, rangi na ladha, na kusaidia kibuyu kisivunde. Hiyo inatosha kuwa sifa yake.

Hapa pana jambo dogo la kuongeza kabla hatujaendelea. Baadhi ya watu huchukua majani au mizizi ya mti huohuo wa senetwet wakayachemsha ili mgonjwa apate choo. Hiyo ni dawa ya kuharisha, tena kali, na ikizidi hudhuru. Mgonjwa wa figo asipewe kabisa.

Tuje kwa vijidudu. Mwaka 2001 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na wa Shirika la Afya Duniani walikubaliana kuwa probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtu faida ya kiafya. Neno "kiasi" na neno "faida" ndiyo mizani yenyewe. Mtindi wetu na mursik vyote vina bakteria wa kugandisha maziwa, lakini si kila bakteria wa mtindi amethibitishwa kuleta faida fulani kwa maradhi fulani. Afrika Mashariki hatuko nyuma katika habari hii: mjini Mwanza, tangu mwaka 2004, kina mama wamekuwa wakitengeneza mtindi wenye bakteria maalumu waliochaguliwa kwa msaada wa chuo kikuu kimoja cha Kanada, wakauuza na kuwalisha wanyonge wa mitaa yao. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini haikuanzishwa kwa ajili ya figo, na mtu asiibebeshe mzigo huo.

Kwa figo, majaribio yako. Kule Brisbane, Australia, wagonjwa ambao figo zao zimedhoofu lakini hawajafika kwenye mashine walipewa mchanganyiko wa bakteria wema pamoja na nyuzinyuzi za kuwalisha bakteria hao. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa sumu itokanayo na kresoli ilishuka; ile ya indoli haikushuka kwa kiasi cha kutegemewa, isipokuwa kwa wale ambao hawakutumia dawa za antibiotiki katika kipindi hicho. Habari njema, lakini walikuwa watu wachache, na sumu kushuka katika karatasi ya maabara si sawa na mgonjwa kuishi zaidi au kuchelewa kufika kwenye mashine. Mwaka 2023 wapimaji wa tafiti wa jumuiya ya Cochrane walikusanya majaribio 45 ya namna hii, yenye watu 2,266, wakahitimisha kuwa ushahidi ni dhaifu na haujathibitisha kuwa vidonge vya probiotiki huyabadilisha maradhi ya figo. Basi dada unayesimama mbele ya kaunta ya duka la dawa, na muuzaji amekuwekea chupa ya vidonge vya thamani, akisema vinafufua figo, mjibu kwa upole kuwa utauliza kliniki kwanza. Fedha hiyo pengine ndiyo nauli ya safari mbili za mashine.

Mpaka hapa mtu aweza kusema: kama hakuna faida kubwa, dhara liko wapi? Mgonjwa anaipenda mursik, mpeni. Dhara liko kwenye maziwa yenyewe kabla ya kuwa makali. Kikombe kimoja cha maziwa kina takriban miligramu 350 za potasiamu na zaidi ya miligramu 200 za fosforasi, na kugandishwa hakuzipunguzi. Figo nzima huzitoa hizi bila ya kuonyesha jasho. Kwa mgonjwa wa mashine hukaa mwilini mpaka siku ya zamu yake. Fosforasi ikizidi huidhoofisha mifupa, hukakamaza mishipa na huleta mwasho wa ngozi usiomwacha mtu alale. Potasiamu ikizidi huushika moyo. Haina kelele: hulegea miguu, huja uzito wa mikono, kisha mapigo ya moyo hupotea mpangilio, na kwa wengine dalili ya kwanza ndiyo ya mwisho.

Tunaijua nyumba moja ambayo mgonjwa wake, baba wa makamo, alikuwa akienda mashine mara mbili kwa juma. Mkewe ni wa pwani. Mama mkwe wake ni Mkalenjin aliyesilimu zamani, mwenye ng'ombe wake na vibuyu vyake, na mapenzi kwa mwanawe yasiyo kifani. Kila Ijumaa hakukosa kuja na kibuyu. Mgonjwa akanywa vikombe vitatu, vinne, mpaka Jumatatu. Vipimo vya potasiamu vikawa vinapanda juma baada ya juma, na hospitali wakimuuliza mke anachompikia, naye akiapa kuwa viazi huviloweka na ndizi haziingii nyumbani. Hakutaja mursik. Hakuificha, kwake yeye haikuwa chakula cha kutajwa, ilikuwa zawadi ya mama. Siku mgonjwa alipoanguka bafuni miguu ikiwa kama ya pamba, ndipo muuguzi alipouliza, "Na kinywaji?" Alhamdulillahi alifikishwa kwenye mashine kwa wakati. Kazi ngumu zaidi ilibaki: nani atamwambia mama?

Hapo ndipo tunapotaka kina dada wawe na busara. Mke asimwambie mkwe wake, "Maziwa yako yamemdhuru mwanao." Maneno hayo hayatibiki. Katika nyumba ile alikwenda shemeji mkubwa, akamchukua mama hadi kliniki, na muuguzi akamweleza kwa Kikalenjin kwa nini moyo wa mwanawe hauvumilii maziwa mengi, na kiasi gani unavumilia. Mama alilia, kisha akauliza, "Nusu kikombe siku ya mashine, je?" Akaruhusiwa. Sasa huja na kibuyu kilekile, wajukuu wakanywa sehemu kubwa, na mwanawe hupewa nusu kikombe mbele yake.

Liko suala la ulevi ambalo wasomaji wetu wengi hulitaja kwa sauti ya chini. Ndani ya kibuyu hamna bakteria peke yao, imo na hamira ya asili, na hamira huzalisha alkoholi. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mursik ya magharibi mwa Kenya, na watafiti walikuta alkoholi pamoja na kitu kiitwacho asetaldehaidi, ambacho wanakishuku kuchangia saratani ya umio iliyo nyingi katika sehemu hizo. Hukumu ya kinywaji tunawaachia masheikh, wao ndio wenye elimu yake, na maziwa yaliyogandishwa siku moja au mbili si sawa na yaliyokaa majuma mpaka yakatoa povu na kuuma koo. Lakini kwa upande wa afya tunasema wazi: yale ya kukaa sana hayamfai mgonjwa, na kwa kweli hayamfai hata mzima kuyafanya mazoea.

Tena maziwa mabichi. Wako wanaochemsha kabla ya kutia kibuyuni na wako wasiochemsha. Maziwa mabichi hubeba ugonjwa wa bruselosi, ambao wafugaji wa nchi yetu wanaujua kwa homa zake zisizokwisha. Aliyepandikizwa figo anatumia dawa za kupunguza kinga ili mwili usiikatae figo aliyopewa. Huyo asiguse maziwa mabichi, na vidonge vya probiotiki asivimeze ila kwa idhini ya daktari wake, kwa kuwa kijidudu kilicho chema kwa mwenye kinga kamili kinaweza kuingia katika damu ya asiye nayo.

Kama ni hivyo, tumbo la mgonjwa lihudumiweje? Tunaona jibu kubwa liko kwenye sufuria, na ni nyuzinyuzi. Hizo ndizo chakula cha bakteria wema, na wakishiba hizo hupunguza hamu ya kuoza protini. Pia humpa mgonjwa choo, na choo kwa mgonjwa wa figo ni jambo la uhai: figo zikishindwa, utumbo mpana hujitwisha sehemu ya kazi ya kuitoa potasiamu, kwa hiyo anayefunga choo siku tatu anaikusanya. Wagonjwa wengi huona haya kulisema hili kliniki, hasa kina mama mbele ya daktari mwanamume. Waliseme, au walimwambie muuguzi wa kike.

Shida ni kwamba mboga na matunda mengi yenye nyuzinyuzi yana potasiamu vilevile. Ndiyo maana mpishi anahitaji maarifa. Kabichi, biringani, vitunguu, pilipili boga, tufaha na nanasi kwa kiasi vina nafuu. Viazi na muhogo vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe katika maji mengi na maji hayo yamwagwe. Ladha hupungua, na potasiamu nayo hupungua. Mchicha nao uchemshwe na maji yamwagwe. Kunde na maharage, ambayo zamani wagonjwa walikatazwa moja kwa moja, sasa hutazamwa kwa jicho laini zaidi, kwa sababu fosforasi ya mimea hufyonzwa kidogo kuliko ile ya nyama, na kidogo sana kuliko ile inayotiwa viwandani katika soseji na soda nyeusi. Na protini isikatwe ovyo: ambaye hajafika kwenye mashine hushauriwa kiasi cha gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, lakini aliye kwenye mashine huhitaji zaidi, gramu 1 hadi 1.2, kwa kuwa mashine humpotezea. Tumeona wake wanaomnyima nyama mgonjwa wa mashine kwa huruma, naye akakonda mikononi mwao.

Kwa kuwa zawadi kutoka pwani nazo hupanda basi kwenda Eldoret, tuseme habari zake. Kikombe cha maji ya dafu kina takriban miligramu 600 za potasiamu. Kwa mgonjwa wa mashine si tunu, ni hatari. Tende kubwa za medjool, moja ina kiasi cha miligramu 167. Afungue kwa moja, sunna imetimia, asifikishe saba. Na achari ya birimbi tunayoipenda na samaki, isipelekwe kabisa. Birimbi lina oksalati nyingi mno, na huko Kerala, India, watu waliokunywa juisi yake kama dawa waliharibikiwa na figo zilizokuwa nzima. Nduguye, lile tunda la pembe tano linalokatwa likawa kama nyota, lina sumu inayopanda ubongoni kwa mwenye figo mbovu, likamletea kwikwi zisizokoma, kuchanganyikiwa, na hata mauti.

Kuhusu saumu tutaandika peke yake inshallah Shaaban ikikaribia. Kwa sasa itoshe kuwa ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Kitabu, na aliye kwenye mashine asijikaze kufunga kwa kuona haya kuliwa mbele yake; amuulize daktari, kisha amuulize sheikh, kwa mpangilio huo.

Na kwa anayetaka mgonjwa wake apate maziwa makali yaliyo salama, atengeneze mtindi nyumbani. Maziwa yachemke, yapoe mpaka kidole kivumilie bila kuungua, yatiwe kijiko cha mtindi hai usio na sukari, yafunikwe usiku kucha mahali pa joto. Eldoret kuna baridi, kwa hiyo sufuria ifungwe blanketi. Asubuhi yawekwe katika friji, yaliwe ndani ya siku mbili tatu. Kipimo cha mgonjwa ni nusu kikombe, si kila siku, na kihesabiwe katika maji yake ya siku, ambayo kwa wengi wa mashine ni kiasi cha mkojo anaotoa pamoja na nusu lita hadi lita moja, kama alivyoambiwa kliniki. Siku ya kupima damu, mwandikie muuguzi katika karatasi kila alichokula na kila alichokunywa, na kibuyu cha mama kiwemo katika orodha.